KARO YA SHULE ZA SERIKALI NA ZA KIKATOLIKI: NI NANI ALIYELIPA TANGU ZAMANI?



Baada ya hesabu za Mweka Hazina, twaomba nafasi katika kijitabu hiki tueleze jambo la historia. Twaeleza kwa sababu mwaka huu jambo hilo lilitugawa katika kikao cha halmashauri, na mtoto mmoja akaumia kwa ajili ya kutojua kwetu.

Mwanzoni mwa muhula wa pili tulipokea maombi mawili ya msaada wa karo. La kwanza lilikuwa la kijana wa shule ya kutwa ya serikali, la pili la binti wa shule ya bweni yenye jina la mtakatifu langoni. Wa kwanza tulimpa, wa pili tukamnyima. Hoja ilikuwa moja, na wengi wetu tuliikubali: hiyo ni shule ya mapadre, Kanisa lina mali, na mzazi aliyechagua shule ya mapadre na alipe mwenyewe. Binti alikaa nyumbani muhula mzima. Baadaye ndipo tulipopata habari kwamba shule ile ni ya umma, walimu wake hulipwa na Serikali, na parokia ya kwao haikuwa na hata senti ya kumsaidia. Kosa lilikuwa letu. Yatupasa sasa tujue lilitoka wapi.

HAPO MWANZO

Misheni za Kikatoliki ziliingia nchini mwetu kwa njia tatu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga misheni ya St. Austin's, Nairobi, mwaka 1899. Mapadre wa Consolata waliingia nchi ya Wagikuyu mwaka 1902. Mapadre wa Mill Hill walitoka Uganda wakafika Kisumu mwaka 1903, na mwaka uliofuata wakawa Mumias. Popote walipopiga kambi walifungua darasa, kwanza kwa ajili ya katekisimu, kisha kwa kusoma, kuandika na hesabu. Wamisheni wa Kiprotestanti walifanya vivyo hivyo. Maseno ilianza mwaka 1906.

Serikali ya kikoloni haikuharakisha. Idara ya Elimu ilianzishwa mwaka 1911 tu, na hata hapo kazi ya kumfundisha Mwafrika iliachwa karibu yote mikononi mwa misheni. Karo ya siku zile mara nyingi haikuwa fedha. Mtoto alilima shamba la misheni, akabeba maji, akafyatua matofali ya darasa atakalokalia. Wazee wetu waliosoma hivyo walikuwa wakisema kwamba jembe lilitangulia kalamu.

Lakini fedha nazo zilikuwa zikitoka. Kila mwenye nyumba alitozwa kodi, na Mwafrika aliona wazi kwamba kodi yake haikurudi kwake kwa sura ya shule. Ndiyo sababu katika mkutano wa Lundha, Gem, tarehe 23 Desemba 1921, ulioanzisha Young Kavirondo Association chini ya Jonathan Okwiri, watu hawakulalamikia kodi na kipande peke yake. Walidai pia shule ya serikali katika Nyanza. Walikuwa wasomi wa misheni, na hawakuikana misheni. Walichotaka ni shule ambayo mtoto hataulizwa amebatizwa wapi kabla ya kuulizwa anajua nini.

MISHENI YAFUNDISHA, MLIPA KODI ACHANGIA

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki, ikahimiza Serikali na misheni zishirikiane katika elimu. Tangu hapo Serikali ilizidi kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizokubali kukaguliwa. Kwa upande wa Wakatoliki, mwaka 1928 Monsinyori Arthur Hinsley alitumwa na Papa kuzuru misheni za Afrika. Aliwaambia maaskofu na mapadre washirikiane na Serikali kwa nguvu zote, na kwamba pasipowezekana kufanya yote mawili, ujenzi wa makanisa na ungoje, shule zitangulie. Shauri hilo lilileta matunda makubwa katika shule za Kikatoliki, na liliziingiza pia katika fungu la fedha za umma.

Tazameni sasa shule za juu zilivyoanza. Shule ya Kabaa, Ukambani, ilianza mwaka 1925 chini ya Padre Michael Witte, na mwaka 1940 ikahamia Mang'u karibu na Thika. Alliance High School ya Waprotestanti ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926. Shule ya St. Mary's, Yala, ilianzishwa na mapadre wa Mill Hill mwaka 1927. Zote tatu zilitoka katika misheni. Kwa hiyo mzazi wa Kiafrika wa wakati ule aliyetaka mwanawe aende mbali katika masomo hakuwa na nafasi ya kuchagua baina ya shule ya serikali na shule ya mapadre. Mlango ulikuwa wa misheni, naye aliufungua kwa karo yake, na kwa kodi yake iliyotoa ruzuku.

Mabaraza ya Wenyeji yalipoanzishwa mwaka 1925, wazee wetu walipata chombo cha kwanza cha kuchanga fedha zao wenyewe. Walijitoza cheso juu ya kodi ya Serikali, wakataka zijenge shule. Hapo mjadala ulikuwa mkali. Wengine walisema fedha za Baraza zijenge shule ya serikali isiyo ya dhehebu lolote. Wengine walisema zigawiwe misheni zilizokwisha kuanza kazi. Shule za serikali za Kakamega, Kagumo na Kisii zilizofunguliwa katika miaka ya 1930 ni matunda ya michango hiyo. Mkatoliki alichangia, Mprotestanti alichangia, na asiye na dini alichangia. Hata shule iitwayo ya serikali, basi, ilijengwa kwa shilingi za wazee wetu.

KIJANA WA MANG'U

Mfano mmoja watosha kuonyesha uzito wa karo. Tom Mboya alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa shamba la mkonge karibu na Thika. Alisoma Kabaa, kisha Yala, kisha Mang'u, shule tatu za Kikatoliki. Mwaka 1947 aliacha masomo kabla ya kufikia Cheti cha Cambridge, kwa kuwa baba yake hakuwa na uwezo wa kuendelea kulipa, na wadogo zake nao walingoja zamu. Alikwenda kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya Kabete, mahali ambapo mwanafunzi hakudaiwa karo.

Tusiseme mapadre hawakuwa na huruma. Ruzuku ya Serikali haikutosha, shule ilipaswa kula, na mshahara wa mfanyakazi wa mkonge ulikuwa mdogo. Lakini tukumbuke alichofanya kijana yule alipokuwa mtu mzima. Mwaka 1959 yeye na wenzake walichangisha fedha hapa nchini na Marekani, wakawasafirisha kwa ndege wanafunzi 81 wa Kenya kwenda vyuo vya huko. Ndege ilikuwa na watu wa makabila na madhehebu mengi, na katika vijiji vingi jamaa na majirani waliuza kuku, mbuzi na mahindi ili mmoja wao apate kwenda. Mtu aliyekatizwa na karo hakumwuliza mwenzake ametoka shule ya nani.

BAADA YA UHURU

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Serikali mpya ilikusudia kuondoa ubaguzi wa rangi shuleni na kuziweka shule zote chini ya mpango mmoja. Tume ya Profesa Simeon Ominde ilitoa ripoti yake ya kwanza mwaka 1964. Tume ya Kuajiri Walimu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1966, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikakamilisha mabadiliko. Shule za misheni zilizokuwa zikipata msaada ziliingia chini ya Serikali. Kanisa likabaki kuwa mdhamini: lilitunza desturi za dini, likawa na sauti katika bodi ya shule, na mara nyingi ardhi ilibaki kuwa yake. Mshahara wa mwalimu ulitoka Serikalini, na karo ikafuata kanuni za Serikali.

Hapa ndipo penye fundo la kosa letu. Tangu wakati huo Mang'u na Yala ni shule za umma, ijapokuwa misalaba ingali kutani. Jina la mtakatifu langoni laonyesha ni nani aliyeipanda shule. Halionyeshi ni nani anayeilipia leo.

Zipo, hata hivyo, shule za Kikatoliki za namna nyingine. Masista wa Loreto walianza shule ya Msongari mwaka 1921, na mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua St. Mary's, Nairobi, mwaka 1939, zote mbili kwa watoto wa Wazungu. Strathmore ilifunguliwa mwaka 1961 ikiwapokea vijana wa rangi zote. Hizi ni shule za binafsi. Serikali hailipi walimu wake, na mzazi hubeba gharama karibu nzima. Basi neno "shule ya Kikatoliki" laficha vitu viwili ndani yake, na sisi katika kikao chetu tulivichanganya.

Jambo jingine la miaka ile ladai kukumbukwa. Shule za umma zilikuwa chache, na wazazi wakajenga shule za Harambee kwa jasho lao. Kwa kuwa walimu wake wengi hawakulipwa na Serikali, karo ya Harambee mara nyingi ilizidi ya shule za serikali, na mafundisho yakawa hafifu. Mtoto aliyekosa nafasi Mang'u au Kakamega, ambaye aghalabu alikuwa mtoto wa maskini, alilipa zaidi ili apate kidogo.

KARO HUFUTWA, KARO HURUDI

Wazee wanayakumbuka yaliyofuata. Mwaka 1974 karo ilifutwa kwa madarasa manne ya kwanza ya msingi. Punde si punde pakazuka mchango wa majengo, na pengine ulizidi karo iliyofutwa. Mwaka 1988 Serikali ilitangaza kwamba gharama zitagawanywa baina yake na wazazi, na mzigo wa shule za sekondari ukaongezeka. Mwaka 2003 Rais Mwai Kibaki, naye alisoma Mang'u, aliondoa karo ya shule za msingi. Mwaka 2008 Serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari ya kutwa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na mwaka 2018 kiwango hicho kikapandishwa hadi 22,244. Fedha hizo zimepangiwa mwanafunzi wa shule ya umma iliyodhaminiwa na Kanisa sawa na yule wa shule isiyo na mdhamini. Mwanafunzi wa shule ya binafsi, iwe ya mapadre au ya mfanyabiashara, hazimhusu.

Bweni halikuwa bure. Mwaka 2015 Serikali ilitangaza kwamba karo ya shule ya umma ya bweni isizidi shilingi 53,554 kwa mwaka. Walakini mzazi ajua kwamba sare, godoro, sanduku, nauli na michango ya namna namna haimo katika hesabu hiyo. Neno "bure" hupokewa kwa vigelegele barazani, na kazi ya kutafuta salio humwangukia mama nyumbani.

TUNALOLIPENDEKEZA

Wazee wetu, historia hii yatufundisha kwamba hapakuwa na wakati ambapo Serikali ililipa peke yake, wala Kanisa peke yake. Kwa jembe, kwa kodi, kwa cheso ya Baraza, kwa sadaka ya Jumapili, kwa Harambee na kwa karo, mlipaji amekuwa yule yule mzazi. Kumnyima mwanawe kwa sababu ya jina la shule ni kumtoza mara nyingine kwa kosa lisilo lake.

Kwa hiyo twaleta mbele ya Mkutano Mkuu pendekezo hili. Kila ombi la karo litakapoletwa, halmashauri iulize maswali matatu tu. Je, shule ni ya umma au ya binafsi? Je, mtoto anadaiwa kiasi gani kwa jumla, kwa mujibu wa barua ya shule yenyewe? Je, nyumbani kwao wamepata kiasi gani, na kimepungua nini? Dhehebu la mtoto na la mdhamini wa shule lisiulizwe. Mzazi aliyechagua shule ya binafsi, ya Kikatoliki au nyingineyo, asifukuzwe mlangoni. Naye apewe kwa kipimo kile kile tunachompa mwanafunzi wa bweni la umma, na ziada ailipe mwenyewe, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa wake. Aidha, twaomba mchango wa karo ukusanywe mapema, kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Januari. Msaada unaofika mtoto akiwa amekwisha rudishwa nyumbani umechelewa.

Binti yule alirudi shuleni muhula wa tatu, baada ya wanachama saba kutoa mifukoni mwao. Muhula alioupoteza hatuwezi kumrudishia. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba katika ripoti ya mwaka ujao hapatakuwa na mtoto wa pili wa kuandikiwa habari kama hii.

Ni sisi watumishi wenu,
Halmashauri ya Chama