Mto ukichafuliwa Nyamarambe, ubishe mlango gani?

Ndugu yangu mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyehamia Nyamarambe kule Kisii kuuza nguo, alinipigia simu juzi. Mtambo wa kahawa ulio juu ya kijito unamwaga maji ya maganda, na chini yake akina mama wanateka ya kunywa. "Kaka, nikalalamike wapi? Kwa chifu?"

Kwa chifu aende, hakuna ubaya, lakini asiishie hapo. Kenya hatuna serikali za majimbo, ila kazi zimegawanywa. Katiba ya 2010 imeipa kaunti taka ngumu, kelele na uchafuzi wa hewa. Kwa hivyo jaa la taka sokoni au spika za baa usiku ni mlango wa kaunti. Maji machafu ya kiwanda ni mlango wa NEMA, mamlaka iliyoundwa na sheria ya mazingira ya 1999, EMCA. Kanuni za maji zinamtaka anayemwaga maji machafu mtoni awe na leseni. Na mradi mkubwa haufai kuanza kabla ya tathmini ya athari zake. Sisi wa pwani tunalijua hilo: Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Jambo ambalo wengi hawalijui liko katika ibara ya 42 na ya 70. Kila mtu ana haki ya mazingira safi, na anayekwenda kortini kuitetea halazimiki kuthibitisha kuwa yeye au mwingine ameshadhurika. Yaani ndugu yangu, mgeni asiyeteka maji pale, anaweza kushtaki leo, kabla mtoto wa mtu hajaumwa.

Nalisisitiza hilo kwa sababu ya Owino Uhuru, pale Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi pembeni mwa nyumba za watu, na risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alimkuta mwanawe ameathirika, akaanza kupiga kelele. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman, lakini wanakijiji walikuwa bado hawajapata kitu. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na NEMA yenyewe ikawa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu miaka hiyo, kisha uniambie kuna faida gani kungoja mtu augue ndipo tulalamike.

Mlinzi naye akilala, sheria haijafungwa. Leseni iliyotolewa vibaya hupingwa mbele ya lile jopo ndani ya siku 60, na kwa uchafuzi wenyewe kuna mahakama.

Ndugu yangu nimemwambia apige picha, aandike tarehe na saa, apeleke barua afisi ya NEMA mjini Kisii, na asiondoke bila nakala iliyopigwa muhuri.