Gari Linasukuma au Linavuta?

Barabara inayotoka Kolwezi ikapita Likasi na Lubumbashi hadi mpakani Kasumbalesa inapeleka shaba na kurudisha magari. Inarudisha na maneno. Dereva wa Kitanzania anayepakia mzigo wa bandari ya Dar es Salaam atakwambia lori lake ni la difu mbili. Fundi wa Kolwezi, aliyejifunza kazi kwa Kifaransa, chuma hicho hicho anakiita pont. Wanaelewana, maana wote wawili wameinama chini ya gari moja. Lakini waulize juu ya gari la spoti, kama ni heri liendeshwe na magurudumu ya nyuma peke yake au yote manne, na kila mmoja atashika neno lake, na neno litamwongoza kwenye jibu.

Tanzania na Kenya neno lililozoeleka ni fo wili. Kwetu Kongo ni quatre-quatre, au jeep tu, hata kama kiwanda cha Jeep hakikuligusa gari hilo. Maneno mawili ya kwanza yanahesabu magurudumu basi. Hayaelezi gurudumu gani linafanya kazi gani, na hapo ndipo mnunuzi anapopotea: anasikia manne, anadhani nguvu imezidi. Nguvu haijazidi hata chembe. Injini ni ile ile, imegawiwa kwa wengi. Wala gari halitasimama upesi zaidi, kwa sababu gari lolote, liwe la nyuma au la mbele, hufunga breki kwa magurudumu yote manne.

Kifaransa cha gereji kimetuachia tofauti nzuri. Gari la magurudumu ya mbele ni traction, la nyuma ni propulsion. Citroën ya mwaka 1934 iliitwa Traction Avant, na jina la ufundi likawa jina la gari lenyewe. Peugeot 504, ambayo Afrika nzima inaijua, ni propulsion. Sasa tazama: Kiswahili hakikuhitaji kuazima chochote hapa. Tunayo vuta, tunayo sukuma. Gari hili linavuta mbele, lile linasukuma nyuma. Nasikia mafundi wakisema gari "linavuta nyuma", na wana sababu, kwa kuwa katika lugha yao kuvuta ni injini kuwa na nguvu. Hata hivyo sipendi. Kilicho nyuma ya mzigo hakiwezi kuuvuta mbele. Kinausukuma, na kitenzi sahihi kinamwonyesha msikilizaji nguvu inatokea wapi.

Kwa gari la spoti jambo hili si la urembo wa lugha. Tairi ina kiasi chake cha kushika ardhi, na kiasi hicho hakiongezeki kwa kukanyaga mafuta. Kinachotumika kusogeza gari hakipo tena kwa kukata kona. Gari linalosukuma nyuma huziachia tairi za mbele kazi moja tu, ya kuongoza, ndiyo maana usukani wake unaeleza barabara vizuri. Tena dereva akikanyaga mafuta uzito unahamia nyuma, juu ya tairi zile zile zinazofanya kazi.

Anayetaka kuliona hilo kwa ukubwa wake na aende Musonoi, kitongoji cha Kolwezi ambacho kampuni ya madini ya Union Minière iliwajengea wafanyakazi wake kando ya machimbo. Lori kubwa la machimbo ya wazi, lile la fremu moja isiyojikunja, husukumwa na ekseli ya nyuma peke yake, tairi mbili mbili kila upande. Likijazwa mawe, karibu theluthi mbili ya uzito wote hukalia ekseli hiyo. Uzito upo nyuma, na nguvu ipo nyuma. Lile lenye kiungo kiunoni, linalopelekwa kwenye tope, hutumia magurudumu yote sita, kwa kuwa huko hakuna ajuaye tairi gani itapata pa kushika. Malori mawili, maneno mawili, na kila moja lina mahali pake.

Nawaheshimu sana madereva wa malori kwa neno lao difu, maana wao hawahesabu magurudumu, wanahesabu kinachogawa nguvu. Inua nyuma ya gari kwa jeki mpaka tairi zote mbili ziwe hewani, ingiza gia, kisha zungusha gurudumu la kulia kwa mkono. La kushoto litazunguka kinyume. Hiyo ndiyo difu: inaruhusu tairi ya nje ya kona ikimbie kuliko ya ndani. Gari la spoti linalosukuma nyuma lina difu moja. La magurudumu manne ya kudumu lina tatu, ya mbele, ya nyuma na ya katikati, kama Audi Quattro iliyotoka mwaka 1980. Land Cruiser pikapu, gari la kazi la jimbo letu zima la Lualaba, haina ile ya katikati. Ukiingiza ya mbele juu ya lami kavu na kukata kona, ekseli zinapigana, usukani unakuwa mzito, chuma kinalalamika. Kuyaita magari hayo mawili fo wili kwa pamoja ni kumdanganya mnunuzi.

Na wingi wa difu haukuleta ushindi papo hapo kila mahali. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally ya Kenya mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet inayosukuma nyuma. Mwaka 1983 Ari Vatanen alishinda kwa Opel Ascona 400. Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ya Toyota Celica: Björn Waldegård, Juha Kankkunen, kisha Waldegård tena. Zote zilisukuma nyuma, na katika miaka ile ya mwisho Quattro ilikuwa imekwisha kubadili mbio za dunia. Maelfu ya kilomita za vumbi na mawe yalitaka gari lisilovunjika kwanza. Audi ilipata Safari yake mwaka 1987, na Hannu Mikkola.

Kwa hiyo napendekeza tuseme gari la msukumo kwa lile la nyuma, na sukumavuta kwa lile la magurudumu yote, kwa sababu ndivyo linavyofanya, nyuma likisukuma na mbele likivuta. Jina la Kolwezi limo tayari katika vitabu vya madini, katika kolwezite yenye shaba na kobalti. Sioni kwa nini maneno ya gereji zake yasiwemo katika kamusi za Kiswahili, ikiwa Katiba yetu ya 2006 imekitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Binafsi, kwa lami kavu ya kiangazi nachagua msukumo bila kusita. Anayelazimika kuendesha kati ya Novemba na Machi, udongo mwekundu ukiwa umeteremkia barabarani, achukue sukumavuta, na akumbuke kwamba kwenye kona ya utelezi litamwondoa upesi kuliko litakavyomsimamisha.

Linabaki gari la aina ya tatu. Nissan Skyline GT-R ya 1989 husukuma nyuma mpaka tairi za nyuma zianze kuteleza, ndipo klachi ikapeleka sehemu ya nguvu mbele. Si sukumavuta ya kudumu, wala si msukumo mtupu. Mbele huitwa, na mbele huitika. Hilo ningeliita sukumavuta ya kuitika, mpaka fundi wa Musonoi au wa Manzese, Dar es Salaam, atakaponipa neno fupi zaidi.