Halijoto

Fundi wa mji wa Kamembe aifunguaye kompyuta kuukuu na kuiwekea programu ya kusoma vihisio vyake, akisema tu kwamba "joto limepanda", hunyima maarifa yake neno halijoto, ambamo hali ya Kiarabu imeoana na joto letu la Kibantu. Kwani joto hulihisi kiganja, bali halijoto ni kadiri yake ipimwayo kwa nyuzi, na pasipo nambari hiyo haibainiki kama feni imezeeka. Volti, iliyopewa jina la Mtaliano Alessandro Volta, haina utata huo, wala si ngeni kando ya mto Rusizi, ambao umeme wake hugawiwa nchi tatu. Ndani ya kompyuta hiyo, waya wa manjano, ustahilio volti 12, ukisomeka katika programu chini ya 11.4, fundi athibitishe kwa mita kabla ya kukilaumu kisanduku cha umeme.