Chuma cha Changamwe kwa Kipimo cha 1 kwa 87

Mwaka 1154 al-Idrisi, mwanajiografia aliyemtumikia Mfalme Roger wa Sicily, aliandika kwamba watu wa Malindi na Mombasa walichimba chuma, na kwamba chuma ndicho kilichowapa watu wa Malindi pato lao kubwa. Mwenyewe hakufika pwani hii. Alitegemea habari za wasafiri na wafanyabiashara. Hata hivyo ardhi imemshuhudia. Ukivuka feri Likoni ukashika barabara ya kusini, ukapita Ukunda na Diani, unafika Galu. Huko mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba alichimbua mabaki ya tanuri na mavi ya chuma ya karne nyingi kabla ya Mreno kuonekana baharini. Mwaka 1994 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa vipande vya chuma kutoka miji ya Waswahili, na baadhi yavyo vilikuwa chuma cha pua, kigumu na kizuri.

Naanza na wahunzi hao kwa sababu kuna dhana tuliyoizoea kwamba chuma kililetwa hapa na meli za Waingereza. Reli ndiyo iliyoletwa. Chuma kilikuwa kazi ya watu wa hapa, na kilichotuponyoka ni kumbukumbu ya namna kilivyofanywa.

Kumbukumbu ya namna hiyo huweza kurudishwa, na Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, kuna mfano bora ninaoujua. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuri la kuyeyushia chuma, kazi iliyokuwa imeachwa kwa miongo mingi tangu vyuma vya bei rahisi vilipoingia kutoka Ulaya. Wazee walijenga. Walitumbukiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri, hewa ya mivukuto ikapata moto kabla ya kufika kwenye makaa, na kilichotoka kilikuwa chuma chenye kaboni. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science, ikaonyesha kwamba ufundi huo una umri wa miaka 1,500 au zaidi. Vitabu pekee visingewafikisha watafiti hapo. Ilibidi kitu kijengwe, kishikwe kwa mikono, kiwashwe moto.

Pwani yetu nayo ina ushahidi wake, tena wa chombo kisichokuwa na msumari hata mmoja. Mtepe, jahazi la visiwa vya Lamu lililoshonwa kwa kamba za nazi na kusafiri kwa tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika karne ya 20. Leo umbo lake tunalijua kwa picha chache, kwa maandishi ya watu waliouona, na kwa mifano midogo iliyochongwa na mafundi na kuhifadhiwa katika makumbusho, ya Lamu ikiwamo. Mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili ulijengwa Zanzibar na kuwekwa Beit al-Ajaib. Mtepe wa zamani ulioza, vidau vya kutazamwa vikabaki na elimu yake.

Tuje sasa kwenye reli. Kazi ya Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 chini ya mhandisi George Whitehouse, na kikwazo cha kwanza hakikuwa simba wa Tsavo bali maji ya Makupa. Mwaka huohuo lilijengwa daraja la muda la mbao kuunganisha kisiwa na bara, na treni za ujenzi zikapanda Changamwe, kisha Mazeras, kisha Mariakani. Nairobi ilifikiwa Mei 1899, na ziwa mwishoni mwa 1901. Upana wa reli ulikuwa mita moja, kipimo kilichotoka India pamoja na vibarua zaidi ya 30,000. Mataruma mengi yalikuwa ya chuma, kwani mbao mchwa wangezimaliza. Chuma chote hicho kilikuja kwa meli, katika pwani ambayo al-Idrisi alikuwa ameiandika kuwa inauza chuma.

Changamwe ikageuka. Jina hilo ni la taifa moja katika Thelatha Taifa, pamoja na Kilindini na Tangana, na mji wake ulikuwa wa mashamba. Reli ilipokwisha kupita, na gati za kina kirefu za Kilindini zilipofunguliwa katika miaka ya 1920, upande huu wa bara ukawa mahali pa maghala, karakana na matangi. Mwaka 1955 vikaanza kufika vichwa vya treni vya Garratt vya daraja la 59, vilivyotengenezwa Manchester na Beyer, Peacock: 34 kwa jumla, kila kimoja na jina la mlima wa Afrika Mashariki, urefu zaidi ya mita 31 na uzito wa tani 252 hivi. Hakuna vichwa vya mvuke vya reli ya mita moja vilivyovishinda kwa nguvu duniani. Vilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi hadi dizeli ikavistaafisha. Mount Gelai umesimama katika Makumbusho ya Reli Nairobi, na kila mtoto wa pwani anayefika jiji hilo angestahili kupelekwa kuuona, maana kazi yake kubwa ilikuwa kupanda mlima kutoka kwetu.

Viwanda navyo vikafuata reli. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi Changamwe mwaka 1963 na kikaacha kusafisha mwaka 2013. Kwa miongo mingi Kenya haikuwa na tanuri refu la kuyeyusha mawe ya chuma kama yale ya Ulaya na Marekani. Viwanda vyetu vingi vya chuma huyeyusha vyuma chakavu katika matanuri ya umeme, vikavimimina na kuviviringisha viwe vyuma vya ujenzi. Au huchukua makoili kutoka ng'ambo, vikayasafisha kwa asidi, vikayakandamiza yakiwa baridi na kuyapaka zinki yawe mabati. Ndiyo kazi ya Mabati Rolling Mills kule Mariakani. Bati lililoezeka nyumba nyingi za Chaani, Mtongwe na Mishomoroni lina historia ya kiwanda nyuma yake, na historia hiyo haijaandikwa ipasavyo.

Na vyuma chakavu havina huruma na historia. Reli, mataruma, boila, hata nguzo za umeme: vyote hupimwa kwa kilo. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Kitu kikishaingia tanurini, hakuna makumbusho yatakayokirudisha.

Hapa ndipo Wamarekani wana la kutufundisha. Tarehe 19 Septemba 1977, huko Youngstown, Ohio, kampuni ya chuma ilitangaza kufunga Campbell Works na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Ndio mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika letu la reli likagawanywa. Matanuri ya Ohio na Pennsylvania yalipoanza kubomolewa, watu waliokuwa na treni ndogo nyumbani wakaanza kuyajenga upya mezani, kwa plastiki na kadibodi. Dean Freytag wa Ohio alitumia miaka mingi kufundisha wenzake namna ya kujenga kiwanda kizima cha chuma kwa kipimo. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Walthers ikatoa vifurushi vya tanuri refu na ukumbi wa kuviringishia, na mwaka 2010 Bernard Kempinski akachapisha mwongozo mzima wa fani hiyo. Wengi wanaitazama kazi hii kama mchezo. Mimi naiona ni uhifadhi, na umefanywa na raia kwa fedha zao.

Kipimo wanachokipenda ni 1 kwa 87: kila mita inakuwa milimita 11.5. Hesabu hiyo inatufaa sana. Reli ya mita moja inakaribia kabisa reli ndogo za milimita 12, ambazo Ulaya huuzwa kwa wapenzi wa treni za milima ya Uswisi. Reli mpya ya SGR iliyofunguliwa Mei 2017, yenye upana wa milimita 1,435, inaangukia milimita 16.5, kipimo cha treni ndogo kilichoenea kuliko vyote. Kwa hiyo fundi anaweza kuonyesha Miritini ya zamani na mpya juu ya meza moja. Garratt linakuwa na sentimita 36. Ukumbi wa mita 200 ungechukua mita 2.3, ndiyo maana mafundi hufupisha majengo na kubakiza viungo vinavyosema ukweli wa kazi: paa la mabati lenye matundu ya kutolea joto, winchi inayotembea juu, rundo la chakavu, makoili yakingoja behewa.

Vifaa si tatizo. Watoto wa bara hili la Afrika hutengeneza malori kwa waya, makopo, vizibo na malapa yaliyochakaa, na mengine yana usukani unaogeuza magurudumu. Kinachoongezwa ni rula na picha. Bati la kopo la soda likikwaruzwa mistari kwa kalamu iliyoisha wino linakuwa paa. Utepe wake ukiviringishwa hadi unene wa kidole unakuwa koili.

Kosa la kuepuka ni kunakili Pittsburgh. Kiwanda cha Mombasa kisicho na malori ya chakavu getini, vibanda vya mama lishe ukutani na mnazi mmoja ulionusurika si kiwanda cha Mombasa.

Walimu wa vyuo vya ufundi vya Mombasa wanaweza kuifanya hii kuwa kazi ya muhula: wanafunzi waende stesheni za reli ya zamani, Changamwe, Miritini, Mazeras na Mariakani, waombe ruhusa, wapime majengo, wapige picha, wawaulize wastaafu wa reli na viwanda kila mashine ilikaa wapi, kisha wajenge. Wastaafu hao ni wazee sasa. Waanze na stesheni moja, na waanze mwaka huu.