Ngano: Punje Iliyopita Mikononi mwa Mama Zetu



Ngano haistawi Unguja wala Pemba. Joto na unyevu wa visiwa vyetu hauifai. Kwa majirani zetu wa bara hulimwa kwenye nyanda za baridi, kama Hanang huko Manyara, na kwa upande wa Kenya, Narok na Uasin Gishu. Lakini hebu tuiondoe ngano katika jiko la Kizanzibari tuone kitabaki nini. Chapati hakuna, maandazi hakuna, sambusa hakuna, wala kaimati za futari. Visheti na keki ya harusi navyo vimekwenda, na sahani ya bokoboko ya Idi haipo tena. Mmea usioota kwetu umekuwa chakula chetu cha furaha.

Wengi wameandika juu ya waliolima ngano, waliyoiuza na waliyoipigania. Leo sisi tunaifuata punje hii tukiwa na swali moja la jikoni: ni nani aliyekuwa akiisaga?

Mmea uliokubali kumsubiri mvunaji

Jamaa wa ngano wa mwituni bado wanaota wenyewe kwenye vilima vya Palestina, Shamu, kusini mashariki mwa Uturuki na mpakani mwa Iraq na Iran. Watu walianza kuzila punje zao zamani sana kabla hawajajua kulima. Huko Shubayqa, kaskazini mashariki mwa Jordan, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta kwenye majiko ya mawe makombo ya mkate ulioungua, wenye umri wa kiasi cha miaka 14,400. Mkate huo ulipikwa miaka kama 4,000 kabla ya kilimo kuanza. Kwa hiyo mpishi alimtangulia mkulima.

Suke la ngano ya mwituni likiiva huvunjika lenyewe, na punje humwagika chini. Hivyo ndivyo linavyojipanda. Lakini katika kila kundi hutokea mimea michache ambayo suke lake halivunjiki, punje zinabaki zimeshikamana. Mvunaji akija na mundu, zilizomwagika zimeshapotea, na anazobeba nyumbani nyingi ni zile zilizoshikamana. Akipanda mwaka wa pili, anapanda watoto wa hizo. Vizazi kwa vizazi, kuanzia kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, ikapatikana ngano ambayo bila mkono wa binadamu haiwezi kujitawanya. Ikawa inatutegemea, nasi tukaitegemea.

Baadaye moja ya ngano hizo za shambani ilichanganyika na jamii ya nyasi pori, huko upande wa Bahari ya Kaspi, ikazaliwa ngano ya mkate tunayoitumia leo. Mchanganyiko huo ndio ulioipa unga wake ile nguvu ya kunata na kuvutika. Dada ukiwa unakanda chapati ukaona donge linavutika bila ya kukatika, ambapo unga wa mchele ungekatika, ujue unashika kazi ya Mola iliyofanyika maelfu ya miaka nyuma.

Magoti yanayotoa ushahidi

Sasa tuje kwenye swali letu. Nchini Syria, kando ya mto Furati, palikuwa na kijiji cha kale kinachoitwa Abu Hureyra. Kilichimbwa mwaka 1972 na 1973, kwa haraka, kwa sababu bwawa lilikuwa linajengwa na eneo lote lilikuwa linakwenda kuzama. Wanakijiji wake walikuwa miongoni mwa wakulima wa mwanzo kabisa duniani.

Mifupa yao ilichunguzwa na mtaalamu mwanamke, Theya Molleson, wa makumbusho ya viumbe asilia ya London. Aliona vidole gumba vya miguu vimelika na kupinda, magoti yana alama za kukandamizwa, na pingili za mgongo wa chini zimeharibika. Alijiuliza ni kazi gani inayomuumiza mtu sehemu zote hizo kwa pamoja. Jibu lilikuwa jiwe la kusagia. Mtu anapiga magoti, vidole vya miguu vimekunjwa nyuma yake, anasukuma jiwe mbele kwa uzito wa mwili wote, kisha anajivuta nyuma, mbele na nyuma, saa nyingi, kila siku ya maisha yake. Na mifupa yenye maumivu hayo zaidi ilikuwa ya wanawake.

Tunapenda kusema kuwa kilimo kilileta miji, maandishi na falme. Ni kweli. Lakini kwanza kiliwapigisha magoti mama zetu.

Hekaya na picha

Mataifa ya kale yalistaajabu na punje inayozikwa ikafa kisha ikafufuka, na kwa kuwa hawakuongoka, wakaifanyia miungu. Tunazitaja hekaya hizi kwa kujua historia tu, wala hatuziamini.

Wasumeri wa Iraq walikuwa na mungu wa kike wa nafaka waliyemwita Nisaba, na huyo huyo wakamfanya kuwa mlinzi wa uandishi. Haishangazi, kwani maandishi ya mwanzo kabisa ya Uruk, ya zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, mengi ni hesabu za ghalani. Wamisri wa zama za mafirauni walimhusisha Osiris na nafaka. Walitengeneza umbo lake, wakalijaza udongo na kupanda nafaka ndani, wakaliweka kaburini. Umbo kama hilo lilikutwa katika kaburi la Tutankhamun lililofunguliwa mwaka 1922. Wagiriki wao walisimulia juu ya Demeter, ambaye binti yake alitekwa na mfalme wa kuzimu. Mama akahuzunika mpaka ardhi ikakataa kuotesha, na binti aliporudishwa kwa sehemu ya mwaka, mazao yakarudi. Warumi walikuwa na ndoa ya heshima kubwa ambayo bwana na bibi harusi walifungishwa kwa mkate wa ngano ya kale, mbele ya mashahidi 10.

Sisi Suratul Waaqia imetutosha. Inatukumbusha kuwa mkulima kazi yake ni kutupa mbegu, na Anayeiotesha ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Tazameni hata hivyo ajabu ya watu hao. Walimtukuza mwanamke wa kufikirika aliyeshika suke la ngano, na mwanamke wa kweli aliyeshika jiwe wakamwacha pale pale sakafuni. Katika makaburi ya matajiri wa Misri vimekutwa vinyago vidogo vya chokaa vya wanawake waliopiga magoti wakisaga, vyenye zaidi ya miaka 4,000. Viliwekwa ili tajiri asikose mkate huko aendako. Yaani hata baada ya kufa, msagaji hakutarajiwa kupumzika.

Zipo picha zilizomtazama mwanamke kwa jicho jengine. Katika kaburi la fundi Sennedjem, huko Deir el-Medina, ukutani amechorwa mwenyewe anakata masuke kwa mundu, na mkewe Iineferti yuko nyuma yake anayakusanya kwenye kikapu. Wote wamevaa nguo nyeupe nzuri, hakuna aliyepiga magoti. Ni picha ya pepo kama walivyoitamani wao: mume na mke shamba moja, kazi moja. Na Ufaransa mwaka 1857, mchoraji Jean-François Millet alionesha wanawake watatu maskini wameinama wakiokota masuke yaliyosalia baada ya mavuno. Nyuma, mbali, magari ya tajiri yamejaa ngano. Mchoraji aliwaweka wale watatu mbele, wakubwa, na baadhi ya wakubwa wa wakati huo hawakupendezwa. Leo picha hiyo iko Paris, katika makumbusho ya Orsay.

Madina, na mikono ya Bibi Fatma

Katika Qur'ani masuke tunayakuta kwenye ndoto ya mfalme wa Misri, saba mabichi na saba makavu. Nabii Yussuf (a.s.) aliwaelekeza walime miaka saba, na wanachovuna wakiache kwenye masuke yake ila kidogo cha kula. Wakulima wanajua hekima yake: punje iliyobaki ndani ya kapi lake inakuwa na kinga dhidi ya wadudu na unyevu kuliko iliyopurwa.

Lakini tusidhani kuwa ngano ilikuwa chakula cha kila siku Madina. Watu wa Madina walikula zaidi tende na shayiri. Ngano nzuri ilitoka Shamu na ilikuwa ghali. Ndiyo maana Muawiya alipoona kuwa nusu pishi ya ngano ya Shamu inalingana na pishi ya tende katika zaka ya fitri, jambo hilo lilizua mazungumzo, na Abu Said al-Khudri (r.a.) akashikilia kutoa pishi kamili kama alivyokuwa akitoa wakati wa Mtume (s.a.w.). Na Bibi Aisha (r.a.) ametueleza kuwa tangu walipofika Madina mpaka Mtume anafariki, watu wa nyumba yake hawakupata kushiba mkate wa ngano siku tatu mfululizo. Tukikumbuka hilo, kipande cha chapati hakitupwi ovyo.

Katika mji huo huo ndipo tunapompata msagaji tuliyekuwa tunamtafuta. Bibi Fatma (r.a.), binti wa Mtume, mke wa Sayyidna Ali (r.a.), alikuwa akisaga mwenyewe kwa jiwe la mkono mpaka mikono ikamuota sugu. Aliposikia kuwa baba yake ameletewa mateka, alikwenda kumuomba mtumishi. Hakumkuta, akamueleza Bibi Aisha. Usiku Mtume akawaendea mwenyewe, wakiwa wameshalala, akakaa baina yao. Akawafundisha kitu bora kuliko mtumishi: kila wanapokwenda kulala waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34.

Wengine huisoma hadithi hii kama amri ya mwanamke kunyamaza na kazi zake. Sisi tunaona humo mambo mengine. Bibi Fatma alisema kuwa amechoka, na hakuambiwa kuwa amekosa. Baba yake alitoka usiku kwa ajili ya mikono yake. Na mumewe ndiye aliyetusimulia habari hii, kwa hiyo aliijua ile sugu na hakuona aibu kuitaja. Tena Mtume mwenyewe, Bibi Aisha alipoulizwa anafanya nini akiwa nyumbani, alijibu kuwa huwahudumia watu wake. Hiyo ndiyo nyumba ambayo sisi tunaambiwa tuifuate.

Jiwe linapoondoka

Mzigo wa kusaga ulipungua pole pole. Kinu cha maji kilipoenea miaka elfu mbili iliyopita, mshairi mmoja wa Kigiriki, Antipater wa Thessalonica, aliandika shairi fupi la kuwaambia wasichana wasagaji walale, maji yatawafanyia kazi. Katika dola za Kiislamu, mto Tigris huko Mosul ulikuwa na vinu vilivyoelea juu ya mashua, vikizungushwa na mkondo. Kisha karne ya 19 zikaja mashine za magurudumu ya chuma, na unga mweupe uliokuwa wa wakubwa ukamfikia kila mtu.

Jiwe limeondoka, lakini kazi ya ngano haijaondoka mikononi mwetu. Chukueni bokoboko. Asili yake ni harisi ya Waarabu, ambayo mapishi yake yamo katika kitabu cha upishi cha Ibn Sayyar al-Warraq wa Baghdad, cha karne ya 10. Mwaka 2023 UNESCO iliiandika harisi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa maombi ya Falme za Kiarabu, Oman na Saudi Arabia. Kwetu ni chakula cha Idi na harusi. Ngano inaroweka usiku kucha, inachemshwa na nyama mpaka vyote vilainike, kisha inapigwa kwa mwiko mpaka ivutike, ndipo inamwagiwa samli na vitunguu. Anayejua kuipiga sufuria ya harusi anajua mabega yanavyouma siku ya pili. Mara nyingi mwenye mabega hayo hayumo hata kwenye picha za shughuli.

Kwa hiyo bibi harusi wetu, siku yako ikifika, muulize mama nani amepiga bokoboko. Mjue jina lake. Mtengee sahani yake kabla ya kupakua ya wageni, mpelekee mkononi, na muombee dua. Na yule unayekwenda kuishi naye, mapema kabisa, mkae mzungumze nani atashika nini ndani ya nyumba yenu. Ukichoka, sema umechoka. Bibi Fatma alisema, naye ni mbora wetu.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu na bibi zetu waliosaga, wakapeta, wakakanda na kutulisha, na atie baraka katika kila punje inayoingia majumbani mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.