Nyumba isiyo na bei: Kakesio, Karatu na vyumba vya mama

Bumu bado halijaingia, kwa hiyo wiki hii tunakula maharage na historia. Maharage yameshaisha.

Jumatano kwenye semina mwalimu alituuliza swali jepesi: huko kwenu, nani anapandisha bei ya nyumba? Watu wa Dar wakaanza kelele zao. Mimi mtoto wa Karatu nikanyoosha mkono fasta: "Ni Wamaasai wanaoshuka kutoka Ngorongoro, wanauza ng'ombe wananunua viwanja." Nikasahau kabisa kwamba jamaa ninayeishi naye chumba kimoja hosteli anatoka Kakesio, na alikuwa amekaa safu ya nyuma. Hakusema kitu. Usiku taa zimezimwa ndiyo akaniuliza taratibu: "Kwani babu yako alizaliwa Karatu?"

Hakuzaliwa. Ndiyo maana naandika leo badala ya kudesa noti za watu.

Kwanza Kakesio yenyewe, maana wengi hamuijui. Ni kata iliyo upande wa kusini magharibi wa Hifadhi ya Ngorongoro, unapita Endulen unaendelea. Jirani na huko ndipo ilipo Laetoli, ambako mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo za miguu za miaka kama milioni 3.6 iliyopita. Kwa hiyo wahamiaji wa kwanza wa tarafa ile hatuna hata majina yao, tuna nyayo tu.

Nyumba ya Kimaasai, enkaji, hujengwa na mwanamke. Fito, udongo, samadi ya ng'ombe, kila kitu mkono wake. Mama wa rafiki yangu kajenga yake mwenyewe na anaikarabati mwenyewe mvua ikiibomoa. Nyumba ile ina mwenyewe, lakini haina bei. Hakuna dalali Kakesio jamani. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kujiamulia kujenga nyumba ya kudumu bila kibali cha mamlaka, na kiwanja chenye hati ya kumuuzia mtu hakuna. Ukiwa na pesa, huwezi kuigeuza kuwa tofali pale pale ulipozaliwa.

Hali hiyo ina historia. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikaanzishwa kwa sheria yake, mahali ambapo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Wakati huo watu wake walikuwa kama 8,000. Kufikia 2022 serikali ilikuwa inataja zaidi ya 100,000. Katikati hapo kilimo kilipigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa 1992 Malecela akiwa Waziri Mkuu, kikazuiwa tena 2009. Sasa piga hesabu mwenyewe: watu wameongezeka, kulima hakuna, kujenga hakuna. Baba mwenye ng'ombe kadhaa na watoto wanaosoma atawekeza wapi? Anatelemka kwenda Karatu, nje ya geti.

Na hapo ndipo anakutana na sisi Wairaqw, ambao tunajiona wenyeji tangu Adamu. Kumbe babu yangu alikuja Karatu kutoka milima ya Mbulu, kama wengi. Kule kwenye chimbuko letu, Irqwa Da'aw, ardhi ilibana. Waingereza walipofyeka mapori ya mbung'o, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakaleta Mpango wa Maendeleo ya Mbulu wa kupunguza mifugo na watu kule juu, Wairaqw wakasogea kaskazini, kwenye nchi ambayo sehemu yake Wamaasai na Wadatoga walikuwa wakilisha. Upande wa Oldeani walikuwapo walowezi wa Kijerumani na kahawa yao, mpaka vita vya 1939 vilipowaondoa. Kwa hiyo Karatu nzima ni mji wa waliohamia, tumepishana tarehe tu.

Ila babu hakununua. Alipewa mahali, akafyeka, akalima. Na hata miaka ya Ujamaa, kisheria ulichoweza kuuza ni maendelezo: nyumba, miti, migomba. Udongo wenyewe haukuwa na bei. Ni sheria za ardhi za 1999 zilizotamka kwamba ardhi ina thamani, na marekebisho ya 2004 yakaruhusu kuuza hata kiwanja kitupu. Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 2000 lami ikatoka Makuyuni hadi geti la Ngorongoro kwa msaada wa Japani. Lami na sheria vikafika karibu kwa pamoja! Baada ya hapo ni lodji, kambi za watalii, madereva, wapishi, watumishi wa hifadhi, wafanyabiashara kutoka Moshi na Arusha. Shamba la mahindi likakatwa viwanja.

Mama yangu ana vyumba sita uani. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo imenifikisha hapa chuo, sifichi. Nilikuwa naamini Mmaasai ndiye kaipandisha. Basi nikakaa na kukumbuka nani amepanga pale miaka yote. Chumba kikubwa kinachokwenda kwa bei ya juu alikuwa anakaa dereva wa watalii au mtu wa lodji. Watu wa Ngorongoro walichukua vyumba vya nyuma: walinzi, na wanafunzi wanne wanne waliokuja kusoma. Mwaka 2020 corona ilipoingia na watalii wakakatika, madereva walifungasha wakarudi kwao. Waliobaki wakilipa, tena kwa kuchelewa lakini wakilipa, ni wale wa vyumba vya nyuma. Hawakupandisha bei, waliizuia isianguke.

Kwenye viwanja ni tofauti kidogo, hapo sikukosea yote. Anayenunua kwa ng'ombe ananunua kwa mkupuo, na muuzaji anajua. Lakini pesa yake ina miguu. Ukame wa 2009 ng'ombe walipokonda, bei mnadani ikadondoka huku kiwanja kikibaki pale pale. Baba wa rafiki yangu aliwahi kuniambia kiwanja chake kilianza kwa ng'ombe tisa, kikaishia kumi na nne, na dalali hakubadilisha hata shilingi moja.

Halafu ikaja Msomera. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikihamisha kaya zinazojiandikisha kwenda Handeni, Tanga: nyumba ya vyumba vitatu kwenye eneo la ekari 2.5, na shamba la ekari 5, pamoja na fidia na fedha za motisha. Hapo ndipo enkaji ikapata bei kwa mara ya kwanza, siku ya kubomolewa. Na aliyeijenga ni mama, lakini mkuu wa kaya kwenye karatasi mara nyingi ni baba. Mwaka 2024 mambo yakachacha zaidi: tangazo la serikali la Agosti likafuta kata na vijiji vya Ngorongoro, Kakesio ikiwemo, maelfu wakaandamana, Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo. Desemba Rais Samia akakutana na viongozi wa Kimaasai na kuahidi tume mbili.

Rafiki yangu anasema baba yake anataka wahamie kwenye kile kiwanja cha Karatu, kumejengwa msingi tu. Mama yake hataki kutoka. Kwa sasa wanatafuta chumba cha wadogo zake watatu wapate kusoma, na wamempigia nani? Mama yangu. Chumba cha nyuma kipo. Mama naye kanipigia jana, ananiuliza kama mwenye nyumba mwenzake: "Watu kutoka kule wanakuja wengi, tuongeze kodi au tuiache?"

Jamaa alikuwa amekaa kitandani kwake, mita moja kutoka nilipo, anapiga pasi shati. Nikamwambia mama nitampigia Jumamosi.