Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Msomaji, wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu asimamaye pwani huliona jahazi likipita kwa madaha, asikumbuke tezo wala jasho la fundi. Ndivyo walivyokuwa watazamaji wa sinema za Hollywood walipomwona Cary Grant: bwana mrefu, suti imemkaa barabara, usemi wake mtamu, asiyebabaika hata mambo yakiharibika. Wengi walidhani kwamba alizaliwa hivyo. Basi na tutazame jinsi chombo hiki kilivyoundwa.

Alizaliwa tarehe 18 Januari, 1904, katika mji wa Bristol, Uingereza, akaitwa Archibald Leach. Jamaa yake hawakuwa na mali; baba yake alifanya kazi ya kupiga pasi nguo kiwandani. Alipokuwa angali mtoto, mama yake alitoweka nyumbani. Hakuelezwa kwamba amepelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Miaka mingi ilipita, hata katika miaka ya 1930, naye amekwisha kuwa mtu mzima, ndipo alipojua kwamba mama yake yu hai.

Mwaka 1918 alifukuzwa shule, akajiunga na kikundi cha wanasarakasi cha Bob Pender. Huko alijifunza kupinduka, kuanguka bila kuumia, na kuchekesha watu bila kufungua kinywa. Mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 16, alisafiri nao kwa meli hadi New York. Baadaye alibaki Marekani, akajitafutia riziki hata kwa kutembea juu ya mironjo ili kuwavuta watu waende katika bustani ya michezo. Kisha akapata nafasi katika michezo ya kuigiza jukwaani.

Mwaka 1931 alifika Hollywood. Kampuni ya Paramount ikampa mkataba na jina jipya, Cary Grant. Siku zile mchezaji alifungwa na kampuni kwa miaka: kampuni ndiyo iliyomchagulia picha, na ikitaka iliweza kumwazima kwa kampuni nyingine. Mkataba wake ulipokwisha, mwishoni mwa mwaka 1936, Grant alikataa kuutia sahihi tena, akawa mtu wa kujichagulia kazi mwenyewe. Wachezaji wachache sana walithubutu kufanya hivyo. Katika lugha yetu, muungwana ni mtu mwenye adabu, na pia ni mtu asiye mtumwa. Grant aliyataka yote mawili.

Matunda hayakukawia. Mwaka 1937 ilitoka The Awful Truth, na mwaka 1938 Bringing Up Baby, ambamo bwana mtanashati anasumbuliwa na chui na kuanguka ovyo. Watu walicheka, wasijue kwamba kila anguko lilikuwa elimu ya sarakasi. Hata mwaka 1959, akiwa amepita miaka 50, katika North by Northwest ya Alfred Hitchcock alikimbizwa na ndege katika uwanda mtupu, naye yumo ndani ya suti yake.

Lakini sifa nayo ina minyororo yake. Mwaka 1944 alicheza katika None But the Lonely Heart kama kijana fukara wa London mwenye mama mgonjwa. Hapo alikuwa karibu sana na utoto wake mwenyewe. Aliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar, asiipate. Na watazamaji hawakumiminika kuitazama picha hiyo. Walimtaka yule bwana wa suti, si mtoto wa Bristol.

Je, msomaji, tuseme kwamba alikuwa mdanganyifu? La. Mdanganyifu huvaa asichokuwa nacho. Mtu huyu alikifanyia kazi alichokivaa, mpaka kikawa chake. Aliacha kucheza sinema mwaka 1966, mwaka aliopata mtoto wake wa pekee. Mwaka 1970 alipewa Oscar ya heshima kwa kazi yake yote, akafariki tarehe 29 Novemba, 1986.

Nawe utakapomwona mtu apitaye kwa madaha, usimwonee kijicho wala usiseme kwamba amejaliwa tu. Uliza kwanza ni nani aliyeshika tezo, na kwa miaka mingapi.